Unyoya, Birika na Taa Ndogo: Historia ya Wanafunzi Waliotaka Kujua Walio Mbali Wanaendeleaje

Najua nimepotea sana hapa kibarazani, lakini nyie wabeba boksi wenzangu mnayajua maisha ya huku Uingereza. Ukipiga shifti tatu za usiku mfululizo, ukitoka hapo hata siku ya juma huijui. Leo nina ofu, ugali nimekula, nimeshiba, nikasema ngoja niandike lile jambo ambalo nimekuwa nikilisoma kidogo kidogo kwenye treni kwa miezi kadhaa sasa.

Jambo lenyewe ni hivi vitu vya nyumbani vilivyoungwa na mtandao. Taa unayoiwasha kwa simu, saa inayopima mapigo ya moyo, mlango unaokuonyesha nani anabisha hodi nawe uko kazini. Wengi wetu tunadhani vitu hivi vimetoka kwa mainjinia wa makampuni makubwa, watu wenye fedha na maabara. Kumbe, jamani, sehemu kubwa ya historia hii ilipikwa kwenye meza za wanafunzi, tena wengi wao wanafunzi wa sanaa na usanifu, watu ambao hata kuunga waya walikuwa wanajifunza njiani. Na swali ambalo wengi wao walikuwa nalo ni lile lile tunalolala nalo sisi tulio ughaibuni: mtu wangu aliye mbali, leo ameamkaje?

Mimi ni muuguzi, si fundi wa umeme, kwa hiyo nitalisimulia kama muuguzi. Karibuni.

Tuanze na soda. Mwaka 1982, wanafunzi wa idara ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, walikuwa na kero ndogo. Mashine ya Coca-Cola ilikuwa ghorofa ya tatu, mbali na ofisi za baadhi yao. Mtu anakwenda mpaka kule, anakuta soda zimekwisha. Au mbaya zaidi, anakuta mashine imejazwa sasa hivi na soda bado ya moto! Sasa ile mashine ilikuwa na vitaa kwenye vitufe vyake. Chupa ikinunuliwa, kitaa kinawaka kidogo na kuzima. Safu ikiisha, kinabaki kimewaka. Wanafunzi wakavuta waya kutoka kwenye vitaa vile mpaka kwenye kompyuta kubwa ya idara, wakaandika programu ya kuhesabu. Safu ikijazwa upya, programu inaanza kupima muda, na baada ya saa tatu inaandika kwamba chupa zile zimeshapoa. Mtu yeyote aliyekuwa kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, aliweza kuuliza hali ya soda za Pittsburgh, na wakati huo mtandao ule ulikuwa na kompyuta zisizofika 300.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1991, watafiti wa kompyuta wa Cambridge, hapa hapa Uingereza, walielekeza kamera kwenye chombo cha kahawa ili mtu aone akiwa mezani kwake kama kahawa ipo. Kamera ile iliwekwa kwenye mtandao wa dunia mwaka 1993, ikatazamwa na watu wa nchi nyingi hadi ilipozimwa mwaka 2001. Fikiria mtu yuko bara jingine kabisa, anakodolea macho kahawa ambayo hataionja maisha yake yote.

Hao walikuwa watu wa kompyuta, na walichotaka kujua ni habari za soda na kahawa. Watu wa sanaa walipoingia, swali likabadilika.

Mwaka 1992, katika chuo cha sanaa cha Royal College of Art, London, mwanafunzi aliyeitwa Durrell Bishop alibuni mashine ya kupokea ujumbe wa simu. Nyie mliozaliwa na simu ya mkononi hamkumbuki, lakini zamani simu ya mezani iliwekewa mashine ya kanda, mtu akikukosa anaacha sauti yake humo, na mashine inakuonyesha kinamba tu, kwamba una ujumbe tatu. Bishop alifanya hivi: kila ujumbe unaoingia, mashine inatoa gololi moja. Ndiyo, gololi, kama zile tulizochezea utotoni. Ukirudi nyumbani unaona gololi tatu zimejipanga, unajua watu watatu wamekutafuta. Ukiweka gololi kwenye kishimo kimoja, unasikia ujumbe. Ukiiweka kwenye simu, simu inampigia yule aliyeuacha. Mashine ile haikuwa na mtandao wowote, lakini wanaofundisha usanifu wanaizungumzia mpaka leo, kwa sababu iligeuza sauti ya mtu kuwa kitu unachokishika mkononi.

Idara aliyosoma Bishop ilianzishwa na mwanamke, Gillian Crampton Smith. Likumbukeni jina hilo, tutakutana nalo tena Italia.

Mwaka 1995, msanii Natalie Jeremijenko, akiwa katika maabara ya Xerox kule California, alining'iniza uzi wa plastiki wenye urefu wa futi nane darini, akaufunga kwenye mota ndogo, na mota akaiunga na waya wa mtandao wa ofisi. Kila taarifa inayopita kwenye waya inautikisa uzi kidogo. Mtandao ukiwa kimya, uzi unatikisika mara moja moja. Ofisi ikichangamka, uzi unazunguka na kuvuma. Watu waliokuwa wakipita pale kwenye ujia waliusikia mtandao kama tunavyosikia mvua juu ya bati, bila kutazama kioo chochote.

Mwaka uliofuata, 1996, Rob Strong na Bill Gaver wa chuo kile kile cha Royal College of Art walionyesha vitu vitatu, na hapo ndipo mimi nilipoacha kusoma kama mtu anayesoma habari za wengine. Cha kwanza waliita Feather, yaani Unyoya. Msafiri aliye mbali ana fremu ya picha ya mpenzi wake. Akiinyanyua tu ile fremu, kule nyumbani feni ndogo inawaka na unyoya unapaa taratibu ndani ya chombo kinachopenya mwanga. Hakuna maneno, hakuna sauti. Aliye nyumbani anaona tu unyoya umepaa, anajua sasa hivi nimekumbukwa. Cha pili kilifanya kazi vile vile, ila badala ya unyoya yalikuwa mafuta ya manukato yanayopashwa moto, chumba kizima kinanukia kwamba mtu anakuwaza. Cha tatu vilikuwa vifaa viwili vya kushika mkononi: ukitikisa kimoja, mwenzake hutikisika kule aliko.

Jamani, mwaka 1996! Watu wa kwetu wakati huo walikuwa wanapanga foleni posta kupiga simu ya nje, unazungumza huku unahesabu dakika. Na hawa walikuwa wameshaona kwamba tatizo la aliye mbali si kukosa maneno tu. Maneno tunayo tele. Kinachokosekana ni kile kitu cha kujua yupo, hata kama hasemi.

Upande wa pili wa bahari, katika Media Lab ya MIT, wanafunzi Scott Brave na Andrew Dahley, wakiwa chini ya mwalimu wao Hiroshi Ishii, walionyesha mwaka 1997 kitu kilichoitwa inTouch. Ni ubao wenye vifimbo vitatu vya mbao vinavyozunguka, ukivitazama utadhani miti ya kusukumia chapati. Na viko viwili, kimoja kwako na kingine kwa mwenzako. Ukizungusha kifimbo chako, cha mwenzako kinazunguka vile vile, naye akikizuia unahisi mkono wake umezuia. Ni kama kushikana mikono kupitia waya.

Sasa tusimame kidogo mwaka 2001, maana hapo historia hii inaingia wodini kwangu.

Kule Japani, mwaka 1996, mama mzee na mwanawe mgonjwa walikutwa wamekufa kwa njaa ndani ya nyumba yao Tokyo, na muda mrefu ulikuwa umepita bila mtu kujua. Nchi nzima ilishtuka. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi, watengenezaji wa vyombo vya jikoni, ikatoa birika la umeme lililoungwa na mtandao, wakaliita i-Pot. Mzee anayeishi peke yake analitumia kuchemshia maji ya chai kama siku zote. Kila anapolitumia, taarifa inatumwa, na mtoto wake aliye mji mwingine anajua kwamba mama ameamka, mama amekunywa chai. Birika lisipoguswa kutwa nzima, hapo ndipo mtoto ashike simu.

Mwaka huo huo, katika chuo cha Georgia Tech kule Atlanta, mwalimu Elizabeth Mynatt pamoja na kundi lake, akiwemo mwanafunzi Jim Rowan, walionyesha fremu waliyoiita Digital Family Portrait. Katikati kuna picha ya bibi au babu anayeishi peke yake. Pembeni, kuizunguka picha, wamechorwa vipepeo wa siku 28 zilizopita. Siku ambayo mzee alitembea sana nyumbani, kipepeo wake ni mkubwa. Siku aliyokaa tu, kipepeo ni mdogo. Baadaye walilijaribu jambo hili kwa mwaka mzima katika familia moja: nyumba ya mama ilifungwa vihisi chini ya sakafu vya kuhisi nyayo, na fremu ikakaa nyumbani kwa mwanawe. Matokeo wakayachapisha mwaka 2005.

Kwa nini nasema hii ni habari ya wodini? Kwa sababu kitu cha kwanza wanachokufundisha kwenye uuguzi ni kwamba mgonjwa hakuambii yote. Unamuuliza, "Leo unajisikiaje?" anakujibu, "Niko poa tu." Basi muuguzi mzuri hatazami mdomo peke yake. Anatazama kikombe. Chai ya saa nne ikibaki mezani haijaguswa, na ya saa kumi haijaguswa, hapo una habari ambayo mgonjwa hajaisema. Anatazama viatu kama vimesogea. Anatazama kama gazeti limefunguliwa. Wale waliotengeneza birika na wale wa vipepeo walikuwa wanafanya kazi ya muuguzi wa zamu, ila wanaifanya kwa umbali.

Na wazee wetu ndio kabisa! Piga simu Korogwe, piga Tukuyu, piga Ujiji, jibu ni lile lile: "Mzima mwanangu, hofu kwenu." Anakuambia mzima huku ana homa siku ya tatu, kwa sababu hataki uwaze, hataki utume hela ya dawa wakati anajua una kodi ya nyumba. Mama yangu akikohoa kwenye simu husema ni vumbi. Masika nayo ni vumbi! Sasa mtoto muuguzi, anayeshinda akiwafunika shuka mama za watu wengine, anaijuaje hali ya mama yake mwenyewe? Anampigia jirani kwa siri. Sisi sote tuna jirani wa siri, msibishe. Huyo ndiye kipepeo wetu.

Ila tazameni na hekima ya wale watu wa Atlanta. Wangeweza kuweka kamera. Kamera zilikuwepo. Wakachagua vipepeo. Mtoto kumchungulia mama yake akiwa chumbani ni kukosa adabu, hata kama unafanya kwa upendo, na hata kama unalipa wewe umeme wa nyumba hiyo. Kipepeo kinakuambia mama ametembea leo. Alikokwenda, aliyekuja kumtembelea na alichovaa vinabaki kwake. Naona makampuni mengi yaliyokuja baadaye na kamera zao yalilisahau somo hilo.

Haya, twende Italia sasa.

Mpaka hapo kulikuwa na tatizo moja kubwa. Mwanafunzi wa sanaa akipata wazo kama la unyoya, atalitengenezaje? Inatakiwa kompyuta ndogo ya kuhisi na kuamrisha, kile kichipu kinachoitwa maikrokontrola. Bodi iliyotumika sana mashuleni, BASIC Stamp, iliuzwa kama dola 100, na nguvu yake ilikuwa ndogo. Nyingine zilitaka usome uinjinia kwanza.

Kaskazini mwa Italia, karibu na Turin, kuna mji mdogo unaitwa Ivrea. Hapo ndipo kampuni ya Olivetti ilipoanzishwa mwaka 1908, wale wa taipureta. Mwaka 2001 Olivetti pamoja na Telecom Italia wakafungua pale shule ya usanifu, Interaction Design Institute Ivrea, na aliyeiongoza ni yule yule Gillian Crampton Smith wa London.

Katika shule ile alikuwepo mwanafunzi kutoka Kolombia, Hernando Barragán. Mwaka 2003 alianza kazi ya tasnifu yake, akisimamiwa na walimu Massimo Banzi na Casey Reas. Reas ndiye aliyeanzisha pamoja na Ben Fry lugha ya Processing mwaka 2001 wakiwa MIT, ili wasanii waweze kuandika programu za kuchora bila kuteseka. Barragán akachukua roho ile ya wepesi akaihamishia kwenye umeme. Akatengeneza bodi, na programu ya kuandikia amri za bodi ile, akauita mradi wake Wiring. Mtu asiye injinia aliweza kuandika mistari michache tu, taa ikawaka. Tasnifu akaikamilisha mwaka 2004.

Mwaka 2005, mwalimu wake Banzi pamoja na David Cuartielles na mwanafunzi David Mellis wakachukua kazi ya Wiring, wakaiweka kwenye chipu ya bei nafuu zaidi, wakaanza mradi wao wenyewe. Baadaye wakaongezeka Tom Igoe wa New York na Gianluca Martino. Wakauita Arduino, jina la baa waliyozoea kukaa pale Ivrea, nayo baa iliitwa hivyo kwa heshima ya Arduino aliyetawazwa mfalme wa Italia mwaka 1002. Bodi ikauzwa kama dola 30. Kwa kuwa ilijulikana shule inakaribia kufungwa, waliamua michoro na programu viwe huria, mtu yeyote anakili, ili kazi isizikwe pamoja na shule. Walitengenezesha bodi tupu 300, wakawapa wanafunzi wajiungie vipande wenyewe na kuvitumia kwa lolote. Moja ya kazi za mwanzo ilikuwa saa ya kuamsha inayoning'inia darini kwa waya. Kila ukiipiga inyamaze ulale kidogo, inapanda juu zaidi, mpaka uinuke kitandani kuifuata! Hiyo saa ningeipenda mimi wa shifti ya alfajiri... hapana, ningeitupa dirishani.

Arduino ikaenea dunia nzima. Leo hata wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam na Nairobi wanaitumia kwa miradi yao ya mwisho. Oktoba 2025 kampuni kubwa ya chipu ya Marekani, Qualcomm, ilitangaza kuinunua.

Na Barragán je? Hakualikwa kwenye Arduino. Kwa miaka mingi ulimwengu ulihadithiwa habari za walimu na baa, na mwanafunzi wa Kolombia akawa mstari mmoja wa shukrani. Mwaka 2016 aliandika mwenyewe historia yake, kirefu, pamoja na nyaraka zake, akieleza kipi kilikuwa cha nani. Kisheria hakuibiwa, kwa sababu kazi yake nayo ilikuwa huria, na Arduino wenyewe hawakukataa kwamba ilitokana na Wiring. Lakini nyie wahamiaji wenzangu mnalijua jambo hili bila kufafanuliwa. Unaweza kuijenga nyumba ya watu kwa mikono yako, na siku ya kufungua mlango ukakuta jina lako halipo kwenye kibao. Ndiyo maana hapa nimemtaja yeye kwanza.

Katika shule hiyo hiyo, mwaka huo huo 2005, mwanafunzi Alexandra Deschamps-Sonsino alibuni taa. Taa kubwa moja yenye umbo la nyumba, na taa ndogo zenye umbo hilo hilo. Taa kubwa inakaa kwako. Zile ndogo unawapa unaowapenda, popote walipo duniani. Ukifika nyumbani usiku ukawasha taa yako kubwa, taa ndogo zote zinawaka huko ziliko. Ukienda kulala ukaizima, zinazimika. Aliita Good Night Lamp, taa ya usiku mwema. Hakuna ujumbe wa kuandika, hakuna kusema "mzima, hofu kwenu". Mama anaona tu kitaa kimewaka kwenye kabati: mwanangu amefika nyumbani. Baadaye taa hiyo iliwekwa katika mkusanyiko wa kudumu wa Design Museum, London.

Niliposoma habari za taa hii nilikaa kimya muda. Kwa sababu mimi nilizoea kuwaza kwamba ni sisi tunaowaangalia wao. Taa ile inageuza: ni mama ndiye anayemwangalia mtoto. Na ukweli ndio huo, siyo? Mama zetu wanalala wakijiuliza kama tumefika salama kwenye baridi hiyo wasiyoijua. Kutwa tunashughulika na kujua hali yao, na hatukuwahi kuwapa njia ya kujua yetu bila kusubiri tuwe na muda.

Mwaka 2006 kule New York, wanafunzi wa ITP, programu iliyopo chini ya shule ya sanaa ya Chuo Kikuu cha New York tangu mwaka 1979, walifanya jambo la kuchekesha. Rob Faludi, Kate Hartman, Kati London na Rebecca Bray waliweka vihisi vya unyevu kwenye vyungu vya maua, wakaviunga na simu. Ua likisikia kiu, linakupigia! Unapokea, sauti inakuomba maji. Ukishalimwagilia, linakupigia kushukuru. Waliita Botanicalls. Watu walicheka, lakini wanafunzi walikuwa na hoja: kitu kisichoweza kusema kipewe namna ya kuomba msaada, na kisisahau kushukuru. Aliyejenga shule ile, Red Burns, aliyefariki mwaka 2013, alikuwa akiwasisitizia wanafunzi wake kwamba kinachohusika ni watu, na mashine ni chombo tu.

Sasa niseme na upande wa huzuni. Vitu hivi vina ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao: vinategemea seva, ile kompyuta ya kampuni iliyo mahali fulani. Mwaka 2005 Ufaransa walitoa sungura wa plastiki aitwaye Nabaztag, ana taa tumboni na masikio yanayozunguka. Mtu na mwenzake wangeweza kuwaoza sungura wao: ukigeuza masikio ya wako, ya mwenzako yanageuka vile vile. Ni mtoto kabisa wa ile miti ya chapati ya MIT. Watu waliwapenda. Kampuni ikafilisika, na mwaka 2011 seva zikazimwa. Asubuhi moja masikio hayakugeuka tena, na hakuna aliyekuwa amekosa kitu. Kwa familia iliyotengana hilo si jambo dogo. Kama umemzoesha mama kwamba kitaa kisipowaka maana yake una tatizo, halafu kampuni ikazima seva, utakuwa umempa mama presha bure.

Ndiyo maana naona uamuzi wa Ivrea wa kuacha michoro wazi ulikuwa wa maana kuliko hata bodi yenyewe. Kitu kilicho huria fundi yeyote anaweza kukifufua. Kilichofungwa kinakufa na mwenye duka.

Kwa hiyo nikiitazama historia hii yote, kuanzia gololi mpaka taa, naona wanafunzi wale waliuliza swali zuri kuliko majibu tuliyouziwa baadaye. Madukani tumeuziwa kamera, vipimo na namba. Wao walikuwa wakitafuta kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: ishara moja ya kwamba mtu yupo, isiyomvunjia heshima, isiyomtaka aseme uongo kwamba ni mzima. Na swali hilo bado liko wazi. Birika la Japani halijui kwamba mama wa Korogwe anachemsha chai kwenye jiko la mkaa. Taa ya Ivrea haijui umeme ukikatika siku mbili. Anayeweza kulijibu kwa ajili yetu ni kijana wa chuo kule nyumbani, mwenye bodi yake ya bei nafuu, anayejua kwamba kwetu ishara ya uzima ni moshi jikoni asubuhi, au ufagio umepita uani kabla ya jua kuchomoza. Kuna mdogo wangu mmoja anasoma mambo ya umeme, nimeshaanza kumsumbua.

Nimeandika mengi leo, mnisamehe, ndiyo matunda ya ofu. Sasa na nyie niambieni: kama mngepewa kitu kimoja tu cha kuwaonyesha wa nyumbani kwamba mmefika salama, au cha kuwaonyesha nyie kwamba wao wameamka, mngechagua ishara gani? Si simu, simu tunazo. Andikeni hapo chini, nitawasoma nikitoka kazini kesho asubuhi.

Nawatakieni usiku mwema, na muwasalimie majirani zenu wa siri. Panapo majaliwa tutaonana tena.